Ndege wa Sangihe na Hoja ya Dhahabu

Wapo wasemao kwamba ndege mdogo wa buluu aishiye katika misitu ya milimani huko Sangihe, kisiwa cha Indonesia, ametufundisha kutokuwa na hofu. Mwaka 1873 aliuawa mmoja, na mwaka 1878 A. B. Meyer akamtangaza kwa wataalamu; kisha miaka ikapita hata wengi wakadhani amekwisha. Kumbe yupo! Mwaka 1998 alionekana tena katika mlima Sahendaruman. Basi, wasema, viumbe hujitunza wenyewe. Wachimba dhahabu na waachwe wachimbe.

Hoja hii ni mbovu. Ndege huyu hakujitunza, alibakizwa. Sehemu kubwa ya msitu wa kisiwa ilikuwa imekwisha kugeuzwa mashamba ya minazi na mikungumanga, naye akasalia makorongoni, penye miteremko mikali mno kwa mkulima. Lakini mteremko uliomshinda mwenye jembe haumzuii mwenye tingatinga. Kibali cha dhahabu kilichotolewa mwaka 2021 kilikuwa cha hekta 42,000, zaidi ya nusu ya kisiwa (chenye watu wake, tusisahau), tena upande wa kusini, uliko mlima wenyewe.

Ni nani basi aliyekizuia? Wenyeji walikwenda mahakamani, na mwaka 2023 Mahakama ya Juu ya nchi yao ikawapa haki, kibali kikafutwa. Na hata baada ya hukumu hiyo, wachimbaji wasio na kibali chochote waliendelea kuchimba.