Chuma Hakimgeuzi Mwanamke Kuwa Dume

Yako maneno ambayo utayasikia Bondeni, Nakuru, kama utakavyoyasikia katika mitaa yetu ya Mombasa: kwamba mwanamke anyanyuaye vyuma huota ndevu, sauti ikawa nzito, na umbo lake la kike likapotea. Vijana wa kiume nao huambiwa kwamba vyuma peke yake havitoshi, sharti wadungwe sindano ndipo kifua kipanuke. Maneno yote mawili yamezaliwa na kutojua, na yote mawili yanatudhuru.

Atakaye ushahidi na apande Bonde la Ufa. Huko Njoro na Molo, wanawake wengi wa Kikuyu tangu zamani wamebeba kuni na maji mgongoni, mkanda umepita kichwani, wakipanda na kushuka vilima. Mzigo kama huo ungalimtoa jasho hamali wa bandari yetu ya kale. Je, wameota ndevu? La hasha! Wamezaa, wamenyonyesha, na wamebaki mama wa watu.

Sababu ni hii, ndugu msomaji. Homoni ni wajumbe wa mwili wanaopita ndani ya damu, wakipeleka amri kutoka kiungo hiki hadi kile. Mjumbe anayejenga misuli na kuotesha ndevu huitwa testosteroni. Mwanamke naye anayo, lakini haba. Ya mwanamume mzima kwa kawaida huipita yake mara kumi na zaidi. Mtu akinyanyua uzito, homoni hiyo yaweza kupanda kidogo, kisha ikarudi mahali pake kwa muda wa saa moja hivi. Misuli hukuzwa na mzigo wenyewe, chakula na usingizi, haba na haba.

Hata wanaume hawageuki majabali kwa mazoezi tu. Philip Waruinge, bondia wa Nakuru, alipata medali ya shaba katika Olimpiki ya Mexico mwaka 1968, na ya fedha Munich mwaka 1972. Mara zote mbili alipigana katika uzito wa unyoya, usiozidi kilo 57. Miaka minne ya jasho haikumfanya faru.

Penye hatari ni sindano. Husemwa mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini akija mgeni huyu, mwenyeji huugua. Ubongo ukiona testosteroni ya kununua imejaa katika damu, huamuru mwili uache kutengeneza yake. Tezi za kiume husinyaa, mbegu za uzazi hupungua, kijana huweza kuota matiti, na moyo huingia mashakani. Mwanamke akidungwa, hapo ndipo sauti huwa nzito, na huenda isirudi tena. Kumbe zile ndevu tunazozihofia zimo ndani ya chupa ya dawa!

Bonde la Ufa limekwisha kuionja aibu ya sindano hata kwa wakimbiaji wake. Mwaka 2014 Rita Jeptoo, bingwa wa marathoni za Boston na Chicago, alipatikana na EPO, homoni inayoongeza chembe nyekundu za damu, akafungiwa.

Nasi wa pwani tuna hasara yetu. Mama zetu wakishakoma hedhi, homoni inayolinda mifupa hupungua, na mifupa huanza kuwa dhaifu. Kunyanyua uzito huitia mifupa nguvu, na misuli inayofanya kazi huchukua sukari iliyomo katika damu, jambo lisilo dogo kwa watu wa halua na kaimati. Wala si lazima kumwonesha mtu mwili: chumba cha nyumbani, mlango umefungwa, na ndoo mbili za maji, yatosha. Mwenye maradhi na amwulize daktari kwanza.

Mwili ni amana. Tukimkataza binti asinyanyue kitu kwa kuogopa ndevu zisizokuja, huenda tunamwandalia uzee wa kuvunjika nyonga. Na tukinyamaza kijana anapodungwa, tunamwacha auze uzazi wake ili apate kifua. Basi wazazi, tuwaachie watoto wetu chuma, na sindano tuwakataze.