Tusitibu kifua kwa kubahatisha

Mficha maradhi, walisema wahenga, kilio humuumbua. Lakini itakuwaje pale maradhi yenyewe yanapojificha, yakavaa vazi la maradhi mengine?

Mwalimu mwenzangu mmoja alikohoa na kupumua kwa shida kwa muda mrefu. Picha ya eksirei ilionyesha kivuli pafuni. Makohozi yake yalipimwa mara kadhaa bila kupatikana viini. Hata hivyo aliambiwa ana kifua kikuu, akameza dawa miezi sita. Hakupata nafuu. Alichopata ni majirani kumkwepa na minong'ono katika chumba cha walimu. Simlaumu daktari kwa kushuku kifua kikuu, kwani nchini mwetu maradhi hayo yangali mengi. Ninacholaumu ni kuing'ang'ania dhana ileile hata dalili zilipoikanusha.

Hatimaye alifikishwa kwa wapasuaji wa kifua. Hawakumpasua ubavu mzima na kuzitanua mbavu, kama ilivyokuwa desturi zamani. Alipolala kwa nusukaputi, walitoboa matundu matatu madogo baina ya mbavu, wakapenyeza kamera nyembamba, wakalitazama pafu kwenye skrini na kukata vipande vichache vya nyama. Chini ya hadubini hakikuonekana kifua kikuu wala saratani. Zilionekana chembechembe za kinga zilizojazana, na nyuzi za kovu zilizosukana kama mkeka.

Maradhi hayo adimu huitwa kwa jina la kingamwili aina ya IgG4. Mwaka 2001 watafiti wa Japani walieleza kwamba kingamwili hiyo ilikuwa nyingi mno katika damu ya wagonjwa wa aina fulani ya uvimbe wa kongosho. Mwaka 2003 ikapendekezwa kuwa ni maradhi yawezayo kuenea mwili mzima: tezi za mate, figo, hata mapafu. Kipimo cha damu pekee hakitoshi kuyathibitisha, kwa sababu wako wagonjwa ambao kiwango chao ni cha kawaida, na yako maradhi mengine yanayokipandisha.

Hapa ndipo penye uzito wa jambo. Dawa zinazoyatuliza aghalabu ni za jamii ya steroidi. Mwenye kifua kikuu akipewa dawa hizo peke yake, ni kumwagia moto mafuta. Mwenye IgG4 naye akipewa dawa za kifua kikuu, kovu huzidi kukaza. Mwamuzi baina yao ni kile kipande cha nyama.

Wako watakaosema upasuaji huo ni anasa ya nchi tajiri. Sikubaliani nao. Hans Christian Jacobaeus wa Uswidi aliandika juu ya kuchungulia ndani ya kifua mwaka 1910, na waliofaidika mapema ni wagonjwa wa kifua kikuu. Kamera za video ziliieneza mbinu hiyo katika miaka ya 1990. Ni kweli ina hatari zake, kama vile kuvuja damu au hewa, na pengine sindano tu hutosha. Lakini kubahatisha nako kuna gharama: fedha, miezi ya kazi, na heshima ya mtu.

Oktoba 2024 mamlaka ya SHA ilichukua nafasi ya NHIF. Kwa maoni yangu, mjadala wa bima usiishie kwenye makato na vitanda. Tuulize pia: wapasuaji wa kifua na wataalamu wa kusoma vipande vya nyama wako wangapi, na mgonjwa wa Lodwar au Lamu atawafikiaje?

Walimu wenzangu, hakuna mtahini mwadilifu atoaye alama kabla ya kuisoma karatasi ya mtahiniwa. Nanyi wanafunzi mnaoazimia udaktari, likumbukeni hilo. Mwenzetu amerudi darasani, akiwa bado anatumia dawa zake. Alistahili kurudi mapema zaidi.