Lori Lililokwama Kafu na Swali la Bangi

Si siku nyingi zilizopita tulikuwa safarini kutoka Kampala kwenda Gulu ndani ya lori la jeshi, sisi na askari kumi na wawili, pamoja na polisi wawili waliokuwa wameomba kuchukuliwa hadi Kigumba. Tulipokwisha kuvuka mto Kafu na kusonga mbele kilomita chache, mvuke mweupe ukaanza kufuka chini ya boneti, na mshale wa joto ukapanda hadi mwisho wa alama nyekundu. Dereva akalisogeza gari kando ya barabara akazima moto. Mpira wa rejeta ulikuwa umepasuka, na maji yote yalikuwa yamemwagika njiani.

Wanaosafiri katika barabara ile wanayajua yanayofuata. Matawi ya miti yalikatwa yakapangwa barabarani, nyuma na mbele ya gari, ili kuwaonya wenye magari mengine. (Tunaomba radhi kutoka nje ya maneno yetu kidogo: matawi hayo na yaondolewe gari linapopona. Tumewahi kuyakumba usiku matawi yaliyoachwa na gari lililokwisha kuondoka, na nusura tupinduke.) Watu wawili wakatumwa na jerikeni kutafuta maji. Waliosalia wakaketi kivulini, na kama ilivyo desturi ya askari wasiokuwa na kazi, maneno yakaanza.

Neno la kwanza lilitoka kwa sajini mmoja, naye alilisema kwa sauti ya chini. Alisema kwamba dereva huyo huvuta bangi, na kwamba mtu aliyevuta hawezi kukumbuka kutazama maji kabla ya safari. Mwingine akaongeza kuwa alisikia harufu alfajiri tulipokuwa tukipakia mizigo. Katika muda usiozidi dakika kumi mtu yule, aliyekuwa amelala chini ya lori akijitahidi kuufunga mpira kwa vipande vya tyubu ya baiskeli, alikuwa amekwisha kushitakiwa, kuhukumiwa na kufukuzwa kazini, wala yeye mwenyewe hana habari.

Sisi tulikwenda kuutazama mpira. Ulikuwa umekauka na kupasuka nyufa ndogo ndogo mwili mzima kama udongo wa kiangazi. Mpira wa namna hiyo haupasuki kwa sababu ya moshi aliouvuta dereva jana au juzi. Umepasuka kwa sababu ya uzee. Hata hivyo hatukuweza kuapa kwamba dereva hakuvuta. Hatukuwa na chombo cha kumpima, na hata tungekuwa nacho, hapo ndipo palipo na ugumu ambao wengi wetu hatujaufikiri sawasawa.

Askari wa usalama barabarani wa Uganda wana chombo chao cha kupima pumzi, ambacho wananchi wamekipa jina la kawunyemu. Dereva akipuliza, chombo huonyesha kiasi cha pombe kilichomo mwilini mwake saa ile ile, na kiasi hicho hulingana kwa karibu na ulevi wake. Bangi haina tabia hiyo. Kiini chake cha kulevya, kiitwacho THC, hujificha katika mafuta ya mwili, na mabaki yake huweza kuonekana katika mkojo kwa siku kadhaa, na kwa mvutaji wa kila siku hata kwa majuma kadhaa, ulevi wenyewe ukiwa umekwisha kutoka zamani. Kwa hiyo kipimo cha mkojo hujibu swali la kama mtu amevuta. Hakijibu swali la kama mtu amelewa sasa hivi akiwa ameshika usukani. Mkuu anayetaka kutenda haki hana budi kuyatenga maswali hayo mawili.

Lipo tukio moja la jeshi la Marekani lifaalo kukumbukwa hapa. Usiku wa tarehe 26 Mei 1981, ndege ya kivita ilianguka ilipokuwa ikitua juu ya meli kubwa ya kubeba ndege iitwayo Nimitz, karibu na pwani ya Florida. Watu 14 walikufa. Maiti zilipochunguzwa, baadhi ya mabaharia waliokuwa wakifanya kazi juu ya sitaha walionekana kuwa na dalili za bangi. Habari hiyo ilitikisa taifa zima, na jeshi la majini likaanza kuwapima watu wake kwa ukali ambao haukuwapo kabla ya hapo. Lakini mabaharia hao sio walioirusha ndege. Rubani hakukutwa na bangi. Alikutwa na dawa ya mafua iliyozidi kiasi. Amri iliyotolewa baada ya ajali ilikuwa njema, na tungeitoa sisi pia, kwa maana meli iliyojaa mafuta na mabomu si mahali pa mtu aliyevuta. Ila sababu iliyotangazwa midomoni mwa watu haikuwa ndiyo iliyoiangusha ndege.

Maneno yetu ya kivulini yaligeuka pale koplo mmoja kijana, ambaye hadi wakati huo alikuwa kimya, aliposimama mbele yetu. Alisema: "Afande, mdogo wangu yuko gerezani kwa misokoto miwili. Nasikia Afrika Kusini mtu anaipanda uani kwake na polisi anapita akimsalimu. Mama ananiuliza mimi, kwa kuwa ndimi mtu wa serikali, dhambi ya mwanawe ni ipi. Nimjibu nini?"

Ndugu wasomaji, sisi kazi yetu ni kujibu maswali. Ndiyo tuliyofundishwa baada ya kutoka chuo cha makadeti. Siku ile hatukuwa na jibu lililo tayari. Tulimweleza koplo tunayoyajua, nayo tunayaandika hapa kwa kuwa tunadhani ndugu yake si peke yake.

Ni kweli kuhusu Afrika Kusini, ila si kweli yote. Tarehe 18 Septemba 2018 Mahakama ya Katiba ya nchi hiyo iliamua kwamba si kosa kwa mtu mzima kutumia, kuwa nayo au kuipanda bangi faraghani kwa matumizi yake mwenyewe. Mwezi Mei 2024 Rais Ramaphosa aliitia sahihi sheria ya kuufuata uamuzi huo. Lakini kuiuza bangi kwa anasa hakukuruhusiwa. Mtu anaweza kuivuna uani kwake, wala hawezi kumwuzia jirani yake msokoto mmoja.

Nchi nyingine za kusini mwa Afrika zilifuata njia tofauti kabisa, nayo ni njia ya biashara. Lesotho ilianza kutoa leseni za kilimo cha bangi ya dawa mwaka 2017, Zimbabwe ikafuata mwaka 2018, Malawi mwaka 2020, Zambia mwaka 2021. Jirani zetu wa Rwanda nao waliweka kanuni mwaka 2021 za kuilima kwa ajili ya dawa na kuiuza nje, huku matumizi ya mwananchi wa kawaida yakibaki kuwa kosa. Hapa kwetu pia ilikwisha kulimwa kwa leseni huko Hima, wilayani Kasese, ikakusudiwa soko la nje. Tukisema wazi, mpango huu una jambo linalotukera. Katika milima ya Lesotho wakulima maskini waliilima bangi kwa siri kwa vizazi vingi, wakikimbizana na polisi. Siku ilipohalalishwa, ada ya leseni ilikuwa kubwa kuliko uwezo wao, na walioingia mlangoni walikuwa wenye mitaji kutoka ng'ambo. Mkulima yule yule akabaki nje, akikimbizana na polisi wale wale.

Nako Kenya jambo hili limefika mahakamani na kwenye jukwaa la siasa. Mwaka 2021 Marasta walipeleka shauri Mahakama Kuu wakidai kwamba kukatazwa bangi kunaingilia ibada yao. Mwaka 2022 Profesa George Wajackoyah aligombea urais akiahidi kuihalalisha ili nchi ilipe madeni yake. Mikutano yake ilijaa watu. Kura zake hazikufika moja katika mia.

Sasa tuje nyumbani, kwa maana hapa ndipo polisi wetu walipopatishwa taabu. Mwezi Mei 2023 Mahakama ya Katiba ya Uganda iliitangua sheria ya kudhibiti dawa za kulevya iliyokuwa imepitishwa na Bunge. Waliopeleka shauri walikuwa wakulima na wauzaji wa miraa wa Wakiso. Wapo walioimba mitaani kwamba njaga imeruhusiwa. Haikuruhusiwa. Mahakama haikusema kwamba bangi ni njema; ilisema kwamba siku sheria ilipopitishwa haikuthibitishwa kuwa akidi ya wabunge ilitimia. Mwezi Agosti mwaka ule ule Bunge likapitisha sheria upya, nayo baadaye ikatiwa sahihi na Rais. Bangi imebaki kuwa kosa, isipokuwa kwa mwenye idhini ya kuilima kwa ajili ya dawa na utafiti.

Basi konstebo anayesimama kwenye kizuizi cha barabarani hana haja ya kubishana na kijana juu ya Afrika Kusini. Sheria anayoitekeleza ni ya nchi hii. Lakini mwenye kuishika sheria yafaa ajue ilikotoka, ili asidhani kwamba ilishuka pamoja na mvua. Bangi iliingizwa katika mkataba wa mataifa huko Geneva mwaka 1925, kwa msukumo mkubwa wa wajumbe wa Misri. Mkataba wa mwaka 1961 uliotiwa sahihi New York uliiweka katika orodha mbili, mojawapo ikiwa ile ya dawa mbaya kuliko zote, pamoja na heroini. Mwezi Desemba 2020, kwa ushauri wa Shirika la Afya Duniani, tume ya Umoja wa Mataifa iliitoa katika orodha hiyo ya mwisho kwa kura 27 dhidi ya 25. Katika orodha ya kwanza bado imo. Yaani mataifa yamekubaliana, tena kwa shida, kwamba mmea huu una faida ya dawa. Hayakukubaliana kwamba kila mtu auvute.

Tena wapo walioenda mbele wakarudi nyuma. Thailand iliiondoa bangi katika orodha ya dawa za kulevya mwezi Juni 2022, maduka yakatapakaa kila mtaa, na mwezi Juni 2025 serikali ikaamuru isiuzwe ila kwa cheti cha daktari. Anayesema kuwa dunia yote inaelekea upande mmoja hajaitazama dunia yote.

Mfano uliotufaa zaidi sisi wenye sare ni wa Canada. Nchi hiyo ilihalalisha bangi kwa watu wazima tarehe 17 Oktoba 2018, hata ikauzwa dukani. Je, askari wake waliambiwa wavute watakavyo? Hapana. Jeshi lilitoa amri: asivute mtu katika saa 8 kabla ya zamu yoyote, asivute katika saa 24 kabla ya kushika silaha au kuendesha gari la jeshi, na anayeruka kwa mwavuli kutoka juu sana, au anayefanya kazi ndani ya ndege ya jeshi au nyambizi, asivute katika siku 28. Polisi wa taifa hilo nao waliwawekea askari wao wa kazi za nje siku hizo hizo 28, ambazo kwa mtu aliye kazini ni sawa na kumkataza kabisa. Marekani ni wakali zaidi. Katika majimbo mengi raia huinunua dukani, ilhali askari akikutwa nayo huweza kupelekwa mahakama ya kijeshi, hata kambi yake ikiwa ndani ya jimbo hilo.

Maoni yetu wenyewe ni haya, na tunayasema kama watu, si kama amri. Kwa mtu aliyekabidhiwa bunduki au usukani wa lori lenye roho za watu, hatuoni siku ambayo marufuku itaondolewa, wala hatutaki iondolewe. Waragi nayo isiachwe nje ya maneno haya. Katika miaka yetu ya kazi tumezika wenzetu wengi kwa ajili ya chupa kuliko kwa ajili ya msokoto, na hakuna aliyenong'ona chini ya mti juu ya chupa. Ama kuhusu kijana wa mtaani mwenye misokoto miwili, tunaona kwamba hapaswi kulala chumba kimoja na mlanguzi mwenye magunia, na kwamba akitoka huko atakuwa amejifunza mengi ambayo hakuyajua alipoingia. Kuibadili sheria ni kazi ya Bunge. Lakini kati ya kijana na gereza yupo polisi anayeandika maelezo, na maelezo hayo yakiandikwa kwa ukweli, kiasi kile kile kilichokutwa, pasipo kuongeza jani, hakimu huwa na kitu cha kupimia.

Hayo tulimwambia koplo. Aliitikia "Ndiyo, afande," akaketi. Hatukuona kwamba ameridhika, wala hatukumlaumu. Nusu saa baadaye maji yalifika, tyubu ya baiskeli ikashika, matawi yakaondolewa, nasi tukaenda polepole tukisimama kila baada ya kilomita ishirini kuongeza maji, tukafika Gulu saa nne ya usiku.

Kesho yake ilitupasa kuandika ripoti ya safari. Sajini alikuja kutukumbusha ile habari ya harufu. Tulimwuliza kama yuko tayari kuiandika na kuitia sahihi yake. Akasema kwamba yeye mwenyewe hakuisikia, aliambiwa tu. Yule aliyemwambia naye, alipoitwa, akasema kwamba labda ulikuwa moshi wa kuni za jikoni. Basi tukaandika kwamba mpira wa rejeta ulipasuka kwa uzee katika barabara ya Gulu, ng'ambo ya mto Kafu, na kwamba dereva aliufunga kwa tyubu ya baiskeli na kuwafikisha watu wote salama. Mkuu aliisoma hadi mwisho, akauliza mpira mpya utapatikana lini. Hadi tunapoandika haya, lori lingali linatembea kwa ile tyubu.