Majani si takataka, tuache kuyachoma

Kila asubuhi, kabla ya kengele ya gwaride kulia, moshi huanza kupaa katika viwanja vya shule nyingi za Lodwar na Kakuma. Wanafunzi wamekwisha kufagia. Majani ya mwarobaini, ya mgunga na ya mathenge yamekusanywa pamoja na karatasi za peremende na chupa za plastiki, yakatiwa kiberiti, na kazi ya usafi ikahesabiwa kuwa imekamilika. Mwalimu wa zamu hupita, akaona uwanja umetakata, akaridhika.

Nami nilisomea katika shule ya namna hiyo. Nilishika fagio la matawi kwa miaka minane, na sikumbuki hata siku moja ambapo mtu aliniuliza kama kile nilichokuwa nikikichoma kilikuwa na faida yoyote. Ajabu ni kwamba alasiri ya siku hiyo hiyo tulifundishwa katika somo la kilimo kuwa udongo wetu ni wa kichanga, hauhifadhi maji, na unahitaji mboji. Tuliandika hayo madaftarini, tukayakariri kwa ajili ya mtihani, na kesho yake asubuhi tukachoma mboji yenyewe.

Nia yangu katika makala haya ni kuwaomba walimu na wanafunzi wa Turkana waikomeshe desturi hiyo. Majani makavu si takataka. Ni mali ambayo wazee wetu waliithamini hata kabla ya kuwapo manispaa, na ambayo sisi wa mjini tumejifunza kuidharau kwa sababu tu tulifundishwa kwamba uwanja safi ni uwanja mtupu.

Hebu tuanze na wazee. Kandokando ya mto Turkwel, familia za Waturkana zimekuwa na haki juu ya sehemu za msitu wa mtoni kwa vizazi vingi. Haki hiyo huitwa ekwar. Mwenye ekwar si mwenye ardhi kwa maana ya hati na kigingi, bali ndiye mwenye kauli ya kwanza juu ya miti iliyomo, hasa mgunga, ambao Waturkana huuita ewoi. Mgunga huo ukidondosha makaka yake wakati wa kiangazi, makaka hayo huokotwa, mengine huwekwa akiba, nayo huwa chakula cha mbuzi nyasi zinapokuwa zimekwisha. Mtu wa nje hakuruhusiwa kuja tu na kuukata mti au kuutikisa. Alipaswa kuomba, na kutoomba kulileta ugomvi.

Yafaa tutafakari maana ya jambo hili. Hapa ni watu waliokuwa na sheria, tena sheria yenye nguvu, juu ya kile kinachoanguka kutoka mtini. Katika nchi ambako mji kama Lodwar hupata takriban milimita 200 tu za mvua kwa mwaka, hawakuweza kumudu kukiita kitu chochote kilichotoka kwenye mti kuwa ni uchafu.

Nenda leo hadi Kaaleng, kule Turkana Kaskazini, ukae chini ya mgunga jua linapokuwa kali. Hutaona rundo la majani linaloungua. Utaona mbuzi wakilamba ardhi kwa midomo yao, jani moja baada ya jingine, kaka moja baada ya jingine, hata pakabaki mchanga mtupu. Mbuzi ndiye mzoa taka, naye halipwi mshahara. Akimaliza, huacha samadi. Hapo mzunguko umetimia: mti umemlisha mbuzi, mbuzi ameirutubisha ardhi, na ardhi itaulisha mti.

Katika miji yetu mzunguko huo umekatika. Mbuzi wangali wapo, tena wengi, lakini wanachokikuta majaani si majani matupu. Majani yamechanganywa na mifuko, kamba za nailoni, na mabaki ya chakula yaliyofungwa ndani ya plastiki. Mbuzi hana vidole vya kuchambua. Humeza vyote. Mama yangu alimpoteza mbuzi wa maziwa kwa njia hiyo. Mnyama alikonda huku tumbo likiwa limejaa, na alipopasuliwa tulikuta donge la plastiki kubwa kama kichwa cha mtoto. Nchi yetu ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa kuanzia tarehe 28 Agosti 2017, na hatua hiyo ilikuwa njema, lakini plastiki za aina nyingine hazijatoweka.

Kisha kuna suala la moto wenyewe. Plastiki ikiungua pamoja na majani hutoa moshi wenye sumu, na wanaouvuta kwanza ni watoto waliouwasha. Aidha, upepo wa Turkana si upepo wa kuchezewa. Cheche moja huweza kupeperushwa hadi kwenye nyumba iliyoezekwa kwa majani ya mkoma, na kila mkazi wa Kakuma anajua jinsi nyumba ya aina hiyo inavyoteketea kabla ya jirani kuwahi kufika na ndoo ya maji. Pale ambapo taka hazichomwi, aghalabu hutupwa katika laga. Laga ya Kawalase mjini Lodwar na laga ya Tarach pale Kakuma huonekana kama majaa ya bure mpaka siku mvua inaponyesha milimani. Siku hiyo maji hubeba kila kitu, na yale ya Kawalase huyamwaga katika Turkwel, mto uendao Ziwa Turkana.

Sheria nayo haiko upande wa kiberiti. Katiba ya mwaka 2010 iliwapa wananchi haki ya mazingira safi, na ikazikabidhi kaunti jukumu la kuzoa na kutupa taka. Sheria ya Udhibiti Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 ilikwenda mbali zaidi. Inazitaka taasisi za umma na za kibinafsi zitenganishe taka zinazooza na zisizooza pale pale zinapotokea. Shule ni taasisi ya umma. Kwa hiyo mwalimu mkuu anayeruhusu majani na plastiki vichanganywe katika rundo moja haendi kinyume cha hekima tu, bali pia anaipuuza sheria ya nchi.

Huenda msomaji akasema kuwa haya ni mambo ya nchi tajiri. Ni kweli kwamba katika Ulaya na Marekani, ambako miti mingi hupukutisha majani yote kwa wakati mmoja msimu wa baridi unapokaribia, miji hutuma malori maalumu kuyazoa barabarani. Ni kweli pia kwamba sisi hatuna malori hayo. Lakini tuangalie yanakopelekwa majani yale. Katika miji mingi hugeuzwa mboji. Jiji la New York lilieneza mpango wa kuzoa mabaki ya chakula na majani kwa ajili ya mboji katika mitaa yake yote mwezi Oktoba 2024, na likawataka wakazi watenganishe. Ikiwa jiji lenye fedha nyingi kiasi hicho linaona hasara kulitupa jani, sisi wenye udongo wa kichanga tunapata wapi jeuri ya kulichoma?

Na kama mfano wa mbali hautoshi, tutazame Nairobi. Jaa la Dandora, lililofunguliwa miaka ya 1970, lilitangazwa kuwa limejaa mwaka 2001. Zaidi ya nusu ya taka za miji ya Kenya ni vitu vinavyooza. Maana yake ni kwamba sehemu kubwa ya mlima ule haikupaswa kufika pale kamwe. Lodwar ni mji unaokua tangu ulipokuwa makao makuu ya kaunti mwaka 2013. Ungali na nafasi ya kuchagua njia nyingine. Miaka ishirini ijayo huenda nafasi hiyo isiwepo.

Nimewahi kuyatoa maoni haya mbele ya walimu, na nikapata pingamizi ambazo si za kupuuzwa. Ya kwanza ni kwamba majani yakiachwa huvuta nge na nyoka. Hili ni kweli, na mzazi yeyote wa Turkana angetaka uwanja anakochezea mwanawe ufagiwe. Basi tufagie. Hoja yangu haihusu kufagia, inahusu kile kifanyikacho baada ya kufagia. Shimo lililo mbali na madarasa, lililozungushiwa miiba na kufunikwa kwa udongo, halimwiti nyoka kuliko rundo linalongoja siku ya kuchomwa.

Pingamizi ya pili ni kuhusu maji. Husemwa kwamba mboji huhitaji maji, nasi hatuna hata ya kunywa. Lakini ndiyo sababu ninataja shimo, si rundo la juu ya ardhi kama wafanyavyo watu wa nchi za mvua. Shimo huuhifadhi unyevu na kuukinga na upepo. Maji yaliyokwisha kutumiwa kunawia mikono au kuoshea mboga, ambayo hayana sabuni nyingi, yanatosha kulilowesha.

Ya tatu ni mathenge, na hii ndiyo ngumu kuliko zote. Mti huu uliletwa nchini ili kuzuia jangwa, ukapandwa Turkana katika miaka ya 1980, na baadaye ukageuka balaa. Wakazi wa Baringo waliishtaki serikali kwa sababu yake mwaka 2006, na wakampeleka mahakamani mbuzi aliyeng'oka meno kwa kula makaka yake matamu. Mbuzi huyala makaka hayo mazima, mbegu zikapita tumboni zikiwa salama, na mche mpya ukaota popote samadi inapodondoka. Kwa hiyo tuwe waangalifu. Majani ya mathenge yanaweza kuingia shimoni na kuoza, lakini makaka yake yachambuliwe kwanza. Mbegu yake ina ganda gumu na huenda ikastahimili hata joto la mboji. Makaka yakisagwa mpaka mbegu zikavunjika, huwa chakula kizuri cha mifugo, na hayaenezi mti. Hapa pana kazi ya vikundi vya vijana na ya kaunti, kwa maana kinu kimoja cha kusaga kingeweza kuhudumia mtaa mzima.

Jinsi ya kutengeneza mboji si siri. Chimbeni shimo lenye kina cha mita moja, chini ya kivuli. Tandazeni majani makavu kwa unene wa shubiri moja, kisha samadi ya mbuzi kwa unene wa vidole vinne, halafu udongo kidogo, na mnyunyize maji mpaka yalowe bila kutota. Rudieni mpaka shimo lijae, kisha lifunikeni. Geuzeni kila baada ya wiki mbili au tatu. Baada ya miezi mitatu au minne mtapata mboji nyeusi isiyonuka. Itieni kwenye mashina ya miche ya shule, au katika bustani za magunia, ambazo wakazi wa Kakuma wamezizoea tangu miaka ya 2000. Majani ya mwarobaini yanayobaki yanaweza pia kukaushwa na kuchanganywa na nafaka ghalani ili kuwafukuza wadudu.

Mtaala wa Umilisi unawataka wanafunzi watende, wasikariri tu. Sioni darasa la kilimo na sayansi lililo rahisi kuliko shimo hilo. Mwanafunzi atapima joto lake, atahesabu siku, ataandika ripoti, na mwishowe atakula sukumawiki aliyoipanda. Aidha, fagio litakoma kuwa adhabu ya wachelewaji na kuwa mwanzo wa somo.

Hata hivyo si haki kuwatwika walimu mzigo wote. Serikali ya Kaunti ya Turkana na Manispaa ya Lodwar zina wajibu wao. Ziweke sokoni na mitaani mapipa ya aina mbili, moja la vinavyooza na jingine la visivyooza, na zihakikishe kuwa lori halivichanganyi tena njiani, kwani hakuna kinachomvunja moyo mwananchi kama kuona alichokichambua kwa bidii kikimwagwa pamoja. Majani na maganda yapelekwe mahali palipotengwa, yakageuzwe mboji, na mboji igawiwe shule na wakulima wa kandokando ya Turkwel. Mbuzi nao watapata nafuu, maana tumbo la mnyama halitakuwa tena pipa la plastiki.

Wahenga walitwambia tusiache mbachao kwa msala upitao. Kiberiti ni msala huo. Mbachao wetu ni ile busara ya ekwar, iliyojua kwamba kila kianguacho kutoka mtini kina mwenyewe na kina kazi. Wiki hii, mwalimu wa zamu asimame uwanjani kabla ya kengele, aitwae kiberiti kutoka mkononi mwa mwanafunzi, na ampe jembe.