Mkweche uani: kuufufua au kuuuza kwa kilo?

Msimu wa kununua pamba unapokaribia kufunguliwa mkoani Simiyu, magari yaliyolala huanza kutazamwa upya. Huko Nassa, wilayani Busega, kama ilivyo katika miji midogo mingine iliyo kando ya barabara kuu itokayo Mwanza kwenda Musoma na Sirari, si ajabu kukuta gari dogo uani chini ya mti, matairi yameisha upepo na kuku ametaga kwenye kiti cha nyuma. Ni gari la familia. Mwenyewe husema pamba ikilipwa atalifufua. Msimu uliopita alisema hivyo hivyo.

Jambo hili huchukuliwa kuwa la nyumbani tu, wakati ni la biashara, tena la fedha nyingi. Mfanyabiashara ambaye hawezi kununua gunia la choroko kabla hajauliza bei ya Mwanza, humkabidhi fundi Sh. 200,000 leo, Sh. 150,000 wiki ijayo, na nyingine ya "kumalizia" wiki inayofuata, bila kujua jumla itafika wapi. Baadaye hulalamika kwamba fundi ni mwizi. Mafundi wezi wapo, hilo halina ubishi, lakini fedha nyingi hupotea kwa sababu mwenye gari hakukata shauri kabla boneti haijafunguliwa.

Magari mengi ya aina hii yana historia moja. Bajeti ya mwaka 1984, wakati Cleopa Msuya akiwa Waziri wa Fedha, iliruhusu watu kuagiza bidhaa kwa fedha zao wenyewe za kigeni bila kuulizwa zilikopatikana. Miaka ya 1990 mitumba ya Japani ikaingia kwa wingi na kuzisukuma pembeni Peugeot 504 na Land Rover zilizokuwa zikitamba. Baba aliyenunua Corolla wakati huo alikuwa amenunua na heshima pia. Ndiyo maana leo watoto wake wanaona haya kuliita gari hilo chuma chakavu.

Chukua mfano wa Corolla ya namna hiyo ambayo injini yake imekufa. Bei zitumikazo hapa ni za mfano tu. Kila mmoja aweke zile anazopewa na dalali wake. Gari la aina hiyo likiwa zima linauzika kwa Sh. 6,000,000. Likiwa limelala, lakini limekamilika na kadi yake ipo, linapata Sh. 2,500,000. Fundi anasema injini ya mtumba mpaka kufungwa ni Sh. 1,900,000, shokapu na bushi Sh. 450,000, breki Sh. 250,000, matairi manne Sh. 480,000, na kuchomelea bodi Sh. 320,000. Jumla ni Sh. 3,400,000.

Familia nyingi zitasema: tukitumia milioni tatu na laki nne tutapata gari la milioni sita, hiyo ni faida. Sivyo. Zile Sh. 2,500,000 ambazo mnunuzi angelipa leo nazo zimeingizwa humo, hata kama hakuna aliyezitoa mfukoni. Kwa hiyo zimewekwa Sh. 5,900,000 ili kupata kitu cha Sh. 6,000,000, tena iwapo fundi hatagundua kwamba gia boksi nayo inalia. Kwa mfanyabiashara, Sh. 100,000 kwa hatari ya kiasi hicho si faida ya kulaza mtu macho.

Wakulima wana sababu ya ziada ya kutokwenda gereji kwa fedha ambazo hazijaingia. Mwaka 2022 ununuzi wa pamba ulifunguliwa kwa bei ya Sh. 1,560 kwa kilo, na mwaka 2023 ukafunguliwa kwa Sh. 1,060. Matengenezo yale yale ya Sh. 3,400,000 ambayo yangelipwa kwa takriban kilo 2,180 za pamba mwaka 2022, mwaka uliofuata yangehitaji kilo 3,210 hivi. Aliyekwisha kushusha injini kwa kutegemea bei ya mwaka wa nyuma alijikuta na gari lililofunguliwa nusu. Hakuna bidhaa inayouzika vibaya kama hiyo.

Hesabu ya fedha, hata hivyo, hutanguliwa na kulikagua gari lenyewe chini ya uvungu. Injini si hukumu ya kifo. Moshi wa bluu maana yake mafuta ya injini yanaungua, pengine kwa ringi za pistoni zilizochoka. Moshi mweupe mfululizo pamoja na rejeta inayopungua maji huelekeza kwenye gasketi ya silinda hedi. Yote hayo yana dawa na yana bei. Kinachoua gari dogo ni kutu. Corolla haina chasisi ya peke yake kama lori. Bodi ndiyo inayobeba injini, magurudumu na abiria. Kutu ikishakula mahali ambapo shokapu zimeshikiliwa, au sakafu ikawa inaonyesha barabara, kuchomelea bati ni kuficha ugonjwa. Udongo mweusi wa mbuga wa maeneo hayo huganda chini ya gari masika yote na kushika maji, na gari lililokuwa likibeba samaki wa ziwani hutotewa na maji ya barafu miaka nenda miaka rudi. Fundi apewe bisibisi na mwenye gari alale chini naye. Bisibisi ikizama, mazungumzo ya injini yaishe hapo hapo.

Pikapu ya dizeli ni suala jingine. Hilux ina chasisi inayojitegemea, yenye kuweza kuchomelewa sawasawa na fundi anayejua kazi, na bodi hata ikiwa mbovu haizuii kubeba marobota wala magunia ya dagaa kutoka Lamadi. Gari linaloingiza fedha kila wiki linaweza kustahili injini ya pili, hata ya tatu. Anayetaka kulibadilisha kwa lililoagizwa akumbuke kodi. Gari ambalo TRA imelithamini kwa Sh. 10,000,000 likitozwa ushuru wa forodha wa asilimia 25 linafika Sh. 12,500,000, na VAT ya asilimia 18 juu yake inalifikisha Sh. 14,750,000, kabla ya ushuru wa bidhaa na nyongeza wanayotozwa wenye kuagiza magari yaliyozeeka. Tofauti hiyo ndiyo inayoyafanya magari ya kazi ya zamani yazidi kuishi. Lakini ni kosa kuichukua hoja ya Hilux ya mzigo na kuitumia kulitetea gari linalokwenda harusini.

Kuna na suala la kadi. Mara nyingi kadi bado ina jina la marehemu baba, na familia haijawahi kwenda mahakamani kupata msimamizi wa mirathi. Bila msimamizi hakuna mwenye uwezo wa kisheria wa kuhamisha umiliki, na mnunuzi makini hatakubali. Hapo zile Sh. 2,500,000 huyeyuka, anabaki mnunuzi wa vyuma. Corolla ina uzito wa takriban tani moja. Toa vioo, viti, matairi na plastiki, ibaki kilo 700 za chuma. Hata kwa Sh. 700 kwa kilo, ni Sh. 490,000. Tofauti ya Sh. 2,010,000 ni gharama ya ndugu kutokaa kikao.

Zamani ucheleweshaji huo ulikuwa na adhabu inayoonekana. Ada ya mwaka ya leseni ya gari ilikuwa ikilimbikizana hata kwa gari lisilotembea, na wengi walishtukia deni siku ya kuuza. Bajeti ya mwaka 2017/18 iliifuta ada hiyo na kuhamishia mzigo kwenye mafuta kwa kuongeza Sh. 40 kwa lita. Ilikuwa nafuu kubwa. Hata hivyo iliondoa msukumo pekee uliokuwa ukimlazimisha mwenye mkweche kuamua, kwa kuwa sasa gari linaweza kulala miaka kumi bila kudaiwa karatasi yoyote.

Wakati linalala, linapungua. Betri huazimwa na jirani kwa siku moja tu. Kisha rimu mbili huenda kwenye gari la shemeji. Alternata hufunguliwa "isije ikaibiwa" na haionekani tena. Mnunuzi akija baada ya miaka mitatu anakuta ganda, na anatoa bei ya ganda.

Swali linalobaki ni kama familia inalihitaji gari lenyewe, faida au hasara kando. Nalo lina hesabu. Tuseme gari la kukodi kwa safari ya hospitali au mjini ni Sh. 60,000, na la nyumbani linakula mafuta ya Sh. 25,000 kwa safari hiyo hiyo. Kila safari linaokoa Sh. 35,000. Bima, huduma na matengenezo madogo ya mwaka viwe Sh. 900,000. Zile Sh. 5,900,000 nazo zingeweza kufanya kazi kwingine, iwe kwenye choroko au kwenye hati fungani za serikali, ambazo Benki Kuu hupokea maombi kuanzia Sh. 1,000,000, kwa asilimia 10 tu zingeleta Sh. 590,000 kwa mwaka. Mzigo wote ni Sh. 1,490,000. Gari litarudisha mzigo huo likifanya safari 43 kwa mwaka, yaani karibu kila wiki. Chini ya hapo kukodi ni rahisi zaidi, na gari liuzwe zima pamoja na kadi yake, kabla ya msimu, wakati muuzaji hana shida ya fedha kubwa.

Watasema: na mgonjwa wa usiku? Hoja hiyo ni nzito, ila gari linalowashwa kwa kusukumwa halijibu hoja hiyo, na katika barabara ambayo mabasi na malori ya Sirari yanapita usiku na mchana, breki za kubahatisha zinaweza kuongeza wagonjwa.

Wa kuulizwa kwanza si kaka mkubwa aliyeko Mwanza, ambaye hutuma fedha na kutoa amri kwa simu, wala mdogo anayeliendesha. Aulizwe mama: mwaka wa mwisho gari lilipokuwa zima, lilimpeleka hospitali mara ngapi, mnadani mara ngapi, na ni mara ngapi alipanda basi huku gari likiwa limekwenda na vijana Lamadi.