Usikate Dashibodi ya Guka: Mangoma Mpya Kwa Ndai ya Zamani

Cheki rada, msee. Siku hizi vijana wa Nairobi wanafufua Beetle, Datsun na Peugeot 504 zilizokuwa zimelala ushago zikikaliwa na kuku. Hiyo iko fiti. Shida ni kitu ya kwanza wanaweka rangi ikikauka: mangoma. Sisi tumelelewa na nganya, kwa hivyo gari bila besi kwetu ni kaa chai bila sukari.

Beshte yangu aliachiwa 504 na guka yake. Hiyo ndio ndai ilishinda Safari Rally 1975 na 1978. Fundi akashika grainda, akakata dashibodi ndio skrini kubwa iingie. Wiki mbili baadaye, moshi ukatoka chini ya usukani. Waya wa amplifaya ulitolewa kwa betri moja kwa moja, bila fyuzi. Gari iliokolewa, lakini dashibodi ingine ametafuta mpaka Grogan, wapi!

Na hii si stori ya beshte yangu tu. Kenya kwa kawaida hairuhusu gari ya mtumba iliyopita miaka 8 iingie. Maana yake hizi za zamani tuko nazo ndizo hizo hizo, usingoje meli ilete zingine. Kila dashibodi ikikatwa, ni moja imetutoka.

Halafu kuna hesabu ya umeme. Dainamo ya Beetle ya zamani ya volti 12 inatoa kama ampea 30, yaani wati 360 hivi. Taa, waipa na plagi zinakula hapo hapo. Amplifaya ya wati 500 za ukweli inataka zaidi ya ampea 40 peke yake. Utasukuma gari usiku, nakuambia. Na kaa Beetle yako ni ya kabla ya 1967, inaweza kuwa ya volti 6, redio ya leo haitafanya. Morris Minor za kitambo nazo zimefungwa chanya kwa bodi. Unganisha redio mpya bila kuuliza, unachoma doo yako mwenyewe.

Dawa iko, na si ghali. Acha redio ya zamani ikae pahali pake. Ficha amplifaya ndogo ya daraja la D chini ya kiti, hiyo haipotezi umeme sana, na iongee na simu yako kwa Bluetooth. Spika ziweke kwa boksi, usitoboe milango. Vuta waya mpya, fyuzi ikae karibu na betri. Kila kitu kiweze kutolewa kwa spana tu, gari ibaki vile ilitoka kiwandani. Sauti nayo pima, kuna kanuni za kelele na NEMA haijalala.

Lakini tusimrushie fundi lawama zote. Sisi ndio tunalipa spika bei yoyote bila kubonga, halafu tunateta kazi ya waya ikiongezwa soo mbili. Spika inaonekana, waya hauonekani. Fundi amesoma mteja wake, ndio maana anashika grainda.

Kwa hivyo ukienda garaji, usianze na swali la besi. Uliza: "Fundi, hii utaitoa aje?" Akikosa jibu, washa ndai ya guka urudi home.