UCHAMBUZI: Transista bandia zinavyombebesha fundi lawama isiyo yake

Na Mwandishi Wetu

MJADALA kuhusu bidhaa bandia nchini umekuwa ukielekezwa zaidi kwenye dawa, pembejeo, betri na nyaya za umeme. Ni nadra kusikia transista ikitajwa, kipuri kidogo ambacho kikikosekana redio haisemi, na vipaza sauti vya msikitini na kanisani hubaki kimya.

Hata hivyo, hasara yake si ndogo. Transista kubwa ya amplifaya ikifa, mara nyingi pande zake huungana, na umeme wote hukimbilia kwenye spika na kuunguza koili yake. Mteja aliyeleta ubovu wa elfu kadhaa hujikuta akidaiwa bei ya spika mpya, na anayelaumiwa ni fundi, ilhali naye alinunua kipuri hicho dukani kwa nia njema.

Ulaghai huu una sura mbili kuu. Ya kwanza ni transista dhaifu kufutwa maandishi na kuandikwa namba ya transista yenye nguvu. Ya pili ni vipuri vilivyong'olewa kwenye mitambo chakavu, vikasafishwa miguu na kuuzwa kama vipya.

Wapo wanaodhani haya ni masaibu ya nchi maskini pekee. Ripoti ya Kamati ya Huduma za Kijeshi ya Seneti ya Marekani, iliyotolewa Mei 2012, ilibaini takriban matukio 1,800 ya vipuri vya elektroniki vilivyoshukiwa kuwa bandia katika mlolongo wa ununuzi wa jeshi la nchi hiyo kwa miaka ya 2009 na 2010. Jumla ya vipuri ilizidi milioni moja, na vingine vilikuwa vimefungwa ndani ya ndege.

Mwaka huohuo wakaguzi wa Bunge la Marekani walijifanya wanunuzi wa kawaida na kuagiza vipuri 16 kupitia intaneti. Hakuna hata kimoja kilichovuka mtihani. La kushangaza zaidi ni kwamba walipoagiza vipuri vyenye namba za kubuni, ambazo hakuna kiwanda kilichowahi kuzitumia, wauzaji waliwatumia pia.

Iwapo jeshi lenye maabara na wanasheria liliuziwa mbuzi kwenye gunia, fundi mwenye mita moja mezani atajilinda vipi?

Sheria si kwamba haipo. Tanzania ina Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963, inayosimamiwa na Tume ya Ushindani (FCC), pamoja na Shirika la Viwango (TBS). Kenya ilitunga sheria yake ya kupambana na bidhaa bandia mwaka 2008. Tatizo ni kwamba mkaguzi huona alama iliyo juu, na bandia hizi hufichwa ndani. Aidha, mwenye alama yuko ng'ambo, na si rahisi kumwona akija kulalamikia kipuri cha bei ya soda.

Hivyo, ulinzi wa kwanza unabaki mikononi mwa mnunuzi, na dalili zipo.

Aanze na maandishi. Transista nyingi huandikwa tarakimu nne za tarehe, mbili za mwaka na mbili za wiki. Kwa mfano, 0842 ni wiki ya 42 ya mwaka 2008. Namba ya wiki ikizidi 53, huo ni uongo wa wazi. Vilevile, kitengo cha transista cha RCA kiliuzwa kwa kampuni ya Harris mwaka 1988, na Motorola ilitenga biashara yake ya transista mwaka 1999 ikazaliwa ON Semiconductor. Anayeuziwa 2N3055 yenye nembo ya RCA na tarehe ya mwaka 2010 hahitaji kipimo kingine.

Pili, asugue maandishi kwa pamba yenye asetoni, ile dawa ya kuondolea rangi ya kucha. Rangi ikitoka na mikwaruzo ikaonekana chini yake, kipuri kimepakwa upya. Aangalie pia miguu, kwani miguu ya kipuri kipya haina mabaki ya risasi ya kulehemu.

Tatu, asiridhike na mita ya kawaida. Mita itasema ni nzima, kwa sababu ni transista kweli, ila ni ndogo. Ukubwa wa kipande cha silikoni ndio unaobeba nguvu. Ndiyo maana mafundi makini hununua moja ya ziada na kuifungua, wakiwa wamekinga macho, ili waone kipande hicho na kukilinganisha na cha transista ya asili. Tahadhari: transista za mitambo ya kurushia matangazo zisivunjwe kamwe, kwa kuwa baadhi zina oksidi ya berili ambayo vumbi lake ni sumu.

Nne ni kuipa kazi. 2N3055 ya asili imeandikiwa volti 60, ampea 15 na wati 115. Ikifungwa vizuri kwenye bati pana la kupoozea joto, wati 30 kwake ni kazi nyepesi. Ile yenye silikoni ndogo hufa katika jaribio hilo, na ni heri ife mezani kuliko ndani ya mali ya mteja.

Hata hivyo, si haki mzigo wote kumwachia fundi. TBS ina maabara, na inaweza kununua sampuli madukani na kutangaza matokeo. Mwenye duka anapaswa kuandika kwenye risiti namba ya kipuri na jina la kiwanda, ili kipuri kikibainika bandia mnunuzi awe na ushahidi mkononi. Waagizaji wakubwa nao watakiwe kutunza hati zinazoonyesha walikonunua. Vyuo vya ufundi, VETA vikiwamo, vifundishe vipimo hivi kwa vitendo.

Bila hatua hizo, mwagizaji ataendelea kupata faida, muuzaji ataendelea kusema hakujua, na gharama italipwa na wawili wasio na hatia: fundi na mteja wake.